Fomu Asiyoweza Kuisaini: Kisa cha Kijana Mwenye Shaka na Vyuo Vitatu

Mpwa wangu alichaguliwa na vyuo vikuu vitatu, akashindwa kuchagua hata kimoja kwa sababu, kama alivyoniambia, hakuwa tena na uhakika kama Mungu yupo. Mtu akisikia maneno hayo kwa mara ya kwanza atauliza mambo hayo mawili yanakutana wapi. Kwake yalikutana kwenye karatasi moja, fomu ya ufadhili ya usharika, tena kwenye mstari mmoja tu wa fomu hiyo.

Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa yake na ya baba yake. Majina nimeyaacha, na vijiji pia. Nakieleza kwa sababu katika miaka yangu ya kufundisha sekondari nimekutana na vijana wengi wenye swali kama lake, na karibu wote walilimeza kimya kimya wakaenda walikopelekwa.

Baba yake ni mwinjilisti wa Kilutheri katika tambarare za Korogwe, mkoani Tanga, ambako mkonge unaanzia nyuma ya nyumba ukaenda hadi macho yanachoka. Mama yake ni dada yangu, kwa hiyo mimi ni mjomba, na mjomba ndiye anayeletewa neno ambalo baba haambiki. Kijana ni wa pili kati ya watoto watano. Alipata kipaimara, akaimba sauti ya tatu katika kwaya ya vijana, akawa msomaji wa masomo ibada ya Jumapili. Shule ya bweni alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, akamaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza.

Matokeo yalipotoka aliomba vyuo vitatu. Siku hizi mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Ule utaratibu wa kuomba vyuo vyote kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ulioanza mwaka 2010, ulikoma mwaka 2017. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, na kwa namba hiyo anathibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe iliyotangazwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimchagua kwa shahada ya biolojia ya molekyuli na bioteknolojia. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilimchagua kwa bioteknolojia na sayansi za maabara. Cha tatu kilikuwa chuo cha kanisa, na huko alichaguliwa kusomea ualimu wa Biolojia na Kemia.

Nyuma ya hicho cha tatu kulikuwa na pesa. Usharika una mfuko wa elimu unaojazwa na sadaka za watu ninaowafahamu: wakata mkonge, wauza machungwa, akina mama wa vikoba. Mfuko ungemlipia nusu ya ada kila mwaka, kisha angerudi kufundisha katika shule ya kanisa. Kwa watoto watano wa mwinjilisti, hiyo si pesa ya kuichezea. Ila fomu ilikuwa na mstari wa kukiri kwamba mwombaji ni mshirika hai, anaishika imani ya Kanisa na ataishika chuoni na baada ya chuo. Mchungaji anasaini chini, mzazi anasaini chini, mwombaji anasaini juu yao.

Alikaa na fomu ile wiki mbili. Kisha akapanda basi kuja kwangu Tanga mjini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kwenu wazima?"

"Wazima. Mjomba, kuna karatasi siwezi kuisaini."

Shaka ilikotoka

Baba yake alipokuja kujua, jambo la kwanza alilolishika ni Biolojia ya kidato cha sita. Alidhani mtoto ameharibiwa na somo la mageuko ya viumbe. Na mimi nilidhani hivyo hivyo jioni ya kwanza, nikaanza kumweleza kwamba wako wanasayansi wengi wanaoamini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniambia habari ya kaburi.

Shuleni alikuwa na rafiki, kijana wa wilaya hiyo hiyo, kiongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi wa Kikristo. Rafiki huyo alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Muhula wa pili wa kidato cha tano maumivu yalimshika, akapelekwa hospitali, na wenzake wakaomba usiku kucha, wengine wakifunga. Mpwa wangu ndiye aliyeongoza maombi ya saa tisa usiku. Asubuhi mwalimu wa zamu alikuja bwenini na habari. Msibani mhubiri mmoja mgeni alisema Mungu amechuma ua alilolipenda. "Mjomba," aliniambia, "mama yake alikuwa amekaa pale chini anasikia."

Tangu hapo aliendelea kusoma masomo kanisani na kuimba, lakini alikuwa akisoma sauti tu.

Kuna jambo hapa ambalo nilichelewa kuliona. Kaburi lile ndilo lililomtia shaka, na ndilo lililomfanya apende bioteknolojia. Alikuwa amesoma kila alichokipata kuhusu selimundu. Alinieleza, akichora kwenye karatasi ya sukari, kwamba mtoto huugua akirithi chembe ya urithi yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Kwamba wazazi wanaobeba moja moja kwa kawaida ni wazima, na katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kwa nne. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Kisha akanieleza kilichomkosesha usingizi: anayebeba moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Jambo hilo lilithibitishwa na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Maandiko yake yalitoka mwaka 1954. Ndiyo maana selimundu imejaa katika nchi za joto zenye mbu wengi na haionekani sana milimani.

"Kwa hiyo kitu kilichomuua ndicho kilichowaponya babu zake," alisema. "Nani angepanga hivyo, mjomba? Ukisema mageuko, naelewa. Ukisema Baba mwenye upendo, sielewi."

Sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo. Mimi naamini, na ninaposimama mbele ya swali lile naamini bila kuelewa. Kumpa jibu la haraka kungekuwa kumchumia ua la pili.

Maswali yake yalikuwa matatu, na hayakuwa na uzito sawa. La mageuko lilikuwa jepesi kuliko yote, hata kwake. Alishajua kwamba makanisa mengi hayaoni vita hapo. La kaburi lilikuwa zito kuliko yote, lakini lilikuwa zito kama jiwe la moyoni, si kama hoja ya mezani. La tatu ndilo nililoliona kuwa na makali ya hoja. Jirani zao upande wa kushoto ni Waislamu, na wa kulia ni Waislamu. Aliuliza: ningezaliwa nyumba ya pili, si ningekuwa nasoma Qurani kwa uhakika ule ule niliosomea Injili? Basi uhakika wangu ulikuwa wa nini, wa Mungu au wa anwani?

Nilipokosea

Nilimpeleka kwa mwalimu mwenzangu aliyefundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, mtu mpole tuliyekaa naye ofisi moja miaka mingi. Wengine katika familia hawakupenda. Niliona kwamba swali la nyumba ya pili liulizwe kwa mtu wa nyumba ya pili.

Mwalimu alicheka kwa furaha aliposikia swali. Alisema hilo ni swali la Imamu al-Ghazali. Huyo alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, na ameeleza mwenyewe jinsi alivyoona tangu ujanani kwamba watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Wayahudi hukua Wayahudi, wa Waislamu hukua Waislamu, akajiuliza basi ujuzi wa hakika ni upi. Alifika mahali akatilia shaka hata macho yake, maana jicho huona kivuli kimesimama kumbe kinatembea. Hali hiyo ilimdumu karibu miezi miwili. Baadaye, akiwa mwalimu mkuu katika chuo cha Nidhamiya kule Baghdad, dhiki nyingine ilimpata: ulimi wake ukakataa kufundisha, na mwaka 1095 akaacha cheo, akaondoka.

Kijana alishusha pumzi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba swali lake lilikuwa na ukoo.

Hapo ningenyamaza. Badala yake njiani nilimwongezea Agostino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Nilimweleza jinsi alivyozaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Alivyokwenda Karthago kusoma akiwa na miaka kumi na saba, ada ikilipwa na tajiri wa mji wao. Alivyofuata miaka kama tisa dini ya Mani, iliyofundisha kwamba nuru na giza vinapigana. Alivyoelekea kwa wale wanafalsafa wanaosema hakuna la kuaminika. Na alivyobatizwa hatimaye mwaka 387. Nilisimulia vizuri, nikidhani ninamtia moyo.

Alisimama. "Mjomba, wote unaonitajia walirudi. Kumbe unangoja nirudi?"

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemgeuzia wale watu kuwa mitego, kana kwamba shaka yake ni homa yenye siku zake. Kijana anayetafuta kweli akihisi kwamba mkubwa wake ameshajua mwisho wa hadithi, anaacha kuongea naye. Nilimwomba radhi pale pale barabarani.

Jioni nilimtajia mmoja ambaye hakurudi. Charles Darwin, ambaye yeye alimjua kwa mageuko tu, alipelekwa Cambridge na baba yake mwaka 1828, baada ya kuacha udaktari kule Edinburgh, ili awe mchungaji. Alikubali, na wakati ule hakuona taabu na imani ya Kanisa la Uingereza. Imani ilimtoka polepole katika miaka ya baadaye. Mwaka 1851 alifiwa na binti yake Annie, mwenye miaka kumi, na wanaochambua maisha yake hawaachi kukitaja kifo kile. Mwaka 1879 aliandika kwamba hakuwahi kumkana Mungu kabisa, bali jina linalomfaa zaidi ni la mtu asiyejua. Mkewe Emma aliendelea kuamini, nao waliishi pamoja mpaka kifo.

Lakini sikumtajia Darwin kwa ajili ya hilo tu. Nilimtajia kwa ajili ya Henslow. Cambridge, chuo alichopelekwa kwa ajili ya upadri, ndiko Darwin alikokutana na John Stevens Henslow, profesa wa botania aliyekuwa pia mchungaji, akawa anatembea naye karibu kila siku mpaka watu wakamwita yule anayetembea na Henslow. Na Henslow ndiye aliyempendekeza kwa safari ya meli ya Beagle iliyoanza Desemba 1831. Mtu wa kanisa ndiye aliyemfungulia mlango mtu ambaye baadaye hakuweza kusali. Kwa hiyo nilimwambia: kibao cha getini hakikwambii utamkuta nani darasani.

Fomu ni kitu kimoja, chuo ni kingine

Tulipokaa na karatasi zote mezani, nilianza kuona kwamba alikuwa amefunga vitu vinne kwa kamba moja: kama Mungu yupo, kama asaini fomu, chuo gani athibitishe, na lini amwambie baba. Kila alipovuta kimoja vyote vilikuja. Tulihitaji kuifungua ile kamba.

Swali la Mungu halina dirisha la udahili. Hakuna TCU ya jambo hilo, wala hakuna atakayemfungia mlango akichelewa. Thibitisho la chuo lilikuwa na siku tisa. Alikuwa akijilazimisha kumaliza la kwanza ndani ya siku tisa ili aweze kujibu la pili, na hilo lilikuwa linamuumiza bila sababu.

Fomu nayo si chuo. Vyuo vya kanisa vilivyoanzishwa hapa nchini tangu miaka ya 1990, sheria iliporuhusu vyuo vikuu binafsi, hupokea Wakristo, Waislamu na wengine. Nina wanafunzi wangu Waislamu waliosoma kwenye vyuo vya Kikatoliki wakatoka na shahada na swala zao. Haikuwa kama Oxford na Cambridge za zamani, ambako Darwin na wenzake walipaswa kukiri imani ya Kanisa la Uingereza ili wapate shahada, masharti yaliyoondolewa hatua kwa hatua, mengi ya yaliyobaki yakifutwa na sheria ya mwaka 1871. Chuo hakikumtaka aamini. Waliomtaka aamini ni watu wa usharika wake, na walikuwa na haki kabisa ya kutaka hivyo, maana ni pesa yao waliyoitoa kwa kusudi lao. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na kuibadilisha. Haimpi mtu haki ya kuchukua sadaka ya mkata mkonge kwa kukiri asichokiamini.

Hapo nilikuwa mkali kwake, na sijutii. Alijaribu kusema labda asaini, maana kila mtu husaini. Wako wanaosaini, najua. Nilimwambia, ukisaini utakuwa umeanza kutafuta kweli kwa kusema uongo, na utausema kwa mama yule aliyekaa chini msibani, kwa sababu naye huchangia mfuko huo.

Kisha tukafika Mlimani, kama wengi wanavyokiita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndicho alichokitaka, na nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Huko hakuna atakayeniuliza." Sababu hiyo haikunipendeza hata kidogo. Kwanza si kweli. Mlimani kuna msikiti na kuna kanisa, na vikundi vya wanafunzi wa kila dhehebu vinampokea mgeni kabla hajajua bweni lake liko wapi. Hakuna chuo katika Tanzania utakachokwenda kujificha usiulizwe unasali wapi. Pili, mtu anayechagua mahali kwa sababu ya anachokikimbia atachoka siku ile anapozoea mahali hapo. Agostino naye aliondoka Karthago kwenda Roma akifuata wanafunzi watulivu zaidi, na ili aondoke alimdanganya mama yake bandarini, akampandia merikebu usiku. Roma akakuta wanafunzi wanahama walimu ili wasilipe ada. Safari hii nilimsimulia habari hiyo bila kutaja ubatizo.

Basi tukachukua orodha ya masomo ya kila chuo, muhula kwa muhula, tukasoma mpaka taa ikapungua nguvu. Hii ndiyo kazi ambayo familia nyingi haziifanyi. Zinajadili jina la chuo, mji, nani yuko huko, na hakuna anayefungua orodha ya masomo. Ualimu ulikuwa na jambo moja kubwa, ajira iliyokuwa tayari, na mimi kama mwalimu nilikuwa nimeegemea huko. Morogoro ilikuwa na maabara na gharama za maisha zilizo chini kuliko Dar. Mlimani kulikuwa na somo la jenetiki alilolitaka, na mji ule ule una hospitali ya Muhimbili, ambako selimundu inatibiwa na kufanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Alipofika hapo kidole chake hakikuondoka.

Jibu lilikuwa lile lile alilokuja nalo. Sababu ndiyo iliyobadilika, na nilijua kwamba siku ya mtihani mgumu na bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, lililochelewa, sababu ndiyo itakayombakiza darasani.

Ilibaki pesa. Ukikataa mfuko wa usharika unabaki na Bodi ya Mikopo, na Bodi hutoa majina baada ya vyuo kuthibitishwa. Ulipaswa kuruka kabla hujaona ng'ambo. Dada yangu, nilipompigia, hakuuliza habari ya imani hata mara moja. Aliuliza, "Atakula nini?" Nadhani lilikuwa swali la kidini kuliko yote yaliyoulizwa wiki ile. Tuliahidi mimi na mdogo wangu kubeba mwaka wa kwanza ikiwa mkopo hautatoka.

Baba

Alimwambia baba yake Jumapili baada ya ibada, wawili tu, nyuma ya nyumba. Sikuwepo, nasimulia kama wote wawili walivyonisimulia, na masimulizi yao yanalingana.

Kijana alitegemea baba akasirike kwa habari ya Mungu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya rafiki, ya selimundu, ya jirani. Kisha akauliza jambo moja: "Tangu lini?"

"Tangu msiba, baba."

"Na umekuwa ukiwasomea watu Neno mwaka mzima?"

Hapo ndipo baba alipoumia. Shaka alikuwa ameshawahi kuiona kwa wengine. Kazi yake ni kukaa na watu wenye maradhi na misiba, na anajua wanavyosema usiku. Kilichomkata ni mimbari. Mtoto wake alikuwa amesimama mbele ya watu, akafungua Biblia, akasema "Hili ni Neno la Bwana" bila kulisadiki, na watu wakaitikia kwa imani.

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne alimwambia: "Kusoma, usisome tena. Kuimba, imba, kama unataka. Mtu anaweza kuimba akiwa anatafuta." Kijana alidhani angefurahi kuachishwa. Aliniambia kwamba alikwenda kukaa shambani, akalia.

Fomu baba aliirudisha kwa mchungaji mwenyewe, haijajazwa. Alimwambia tu kwamba mwanawe hataihitaji, nafasi apewe mwingine. Kwa mwinjilisti wa mshahara ule, katika usharika ambamo kila mtu alijua mtoto amefaulu, kutembea na karatasi tupu mkononi hadi ofisini si jambo dogo.

Kilichofuata sikukitegemea. Maombi ya chuo yalikuwa yametumwa kwa namba ya simu ya baba, kwa sababu kijana hakuwa na simu wakati ule. Siku zilikwenda, zikabaki mbili, na namba ya siri haikuonekana. Kijana alifikiri mfumo umekwama. Kila aliyewahi kuthibitisha chuo anaujua wasiwasi huo. Alhamisi usiku baba aliingia chumbani mwao wavulana, akawasha simu, akamwonyesha ujumbe. Ulikuwa umefika Jumanne.

"Nimekaa nao siku mbili," alisema. "Nilikuwa nafikiri muda ukipita utabaki hapa nyumbani mwaka mmoja, tuongee. Nimekosa. Thibitisha."

Nimelifikiria tendo hilo mara nyingi. Yule aliyeumizwa na uongo wa mimbarini alikuwa ameshika ujumbe mfukoni siku mbili, akapika, akala, akasali nao. Na aliurudisha. Angenyamaza hadi Jumamosi, hakuna ambaye angejua, na angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Sijui kama mpwa wangu ataamini tena maishani mwake, lakini nilipomuuliza usiku ule ulimfanyia nini, alisema kwamba hajawahi kumwamini baba yake namna ile.

Alithibitisha Mlimani Ijumaa asubuhi. Mkopo ulitoka baadaye, si wote aliouomba, na sisi wajomba tukajazia.

Krismasi alirudi. Aliimba sauti ya tatu, mstari wa nyuma. Ilipofika Chakula cha Bwana alibaki amekaa, na baba yake, aliyekuwa akisaidia mezani, alipita macho juu yake bila kusita. Mchana tulikula pilau, na jirani wa kushoto akaletewa sahani yake kama kila mwaka.

Jioni tulikuwa tumekaa nje, watatu. Kijana alikuwa akieleza jinsi wanavyotenganisha chembe za damu maabara, baba akifuata polepole, akimrudisha nyuma kila asipoelewa. Akauliza tena ile habari ya mmoja kwa nne. Kijana akaichora chini kwa kijiti. Baba aliitazama muda mrefu.

"Yule mwenzako," akasema. "Ana mdogo wake wa kike. Sasa ni mchumba wa mtu. Wameshapimwa?"

Kijana hakujua.

"Wazazi wake hawawezi kumsikiliza mtoto wa chuo peke yake," baba akasema, akiinuka kutafuta viatu. "Kesho asubuhi twende wote."